Cheo ni dhamana, na mdhamini hulipa

Yeyote aliyewahi kumdhamini ndugu yake katika mahkama ya Wete au Chake Chake anaijua maana ya dhamana bila kufungua kamusi. Unasimama mbele ya karani, unatoa kitambulisho na barua ya sheha, unatia saini. Tangu hapo mwendo wa mtu yule umekuwa mwendo wako. Akihudhuria siku ya kesi, kheri. Akitoroka, atakayeitwa ni wewe. Hutasikilizwa ukisema ulikuwa umelala alipopanda mashua usiku kuvuka kwenda Shimoni, Kenya, wala ukisema hukumshauri. Hakuna anayekushitaki kwa kutoroka. Unalipa kwa sababu ulisema, "Nipo mimi."

Neno hilo hilo ndilo tulilolichagua kuuita uongozi. "Cheo ni dhamana" iliwekwa katika ahadi za mwanachama wa TANU, CCM ikairithi, na leo hutamkwa na watu wa kila chama, kwenye majukwaa ya Konde mpaka ya Mkoani, hata imekuwa kama salamu. Tunaandika tahariri hii kwa sababu tunaona neno limebaki na saini imefutika. Wenye vyeo wanakubali kuitwa wadhamini siku ya kuapishwa. Siku deni linapodaiwa anatafutwa askari wa zamu, au nahodha, au mkaguzi wa bandari, na wakikosekana hao inatajwa kudra.

Tutaanza na mtu wa mbali, ambaye vijana wetu wengi hawamjui hata kwa jina ingawa hatima ya kisiwa hiki ilipita mikononi mwake. Alan Lennox-Boyd alikuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza tangu Julai 1954 hadi Oktoba 1959. Zanzibar ilikuwa himaya, na Sultani Khalifa bin Haroub alikuwa kitini pake; lakini tangu 1913 mambo yetu yalikuwa chini ya wizara hiyo, na Balozi Mkaazi wa Kiingereza aliyekaa Unguja akiwajibika London.

Lennox-Boyd alizaliwa Novemba 1904. Alisoma Oxford, akawa rais wa chama chake cha midahalo, na mwaka 1931, akiwa na miaka 26, akaingia Bungeni. Alikuwa pande la mtu, urefu wake futi 6 na inchi 5. Mwaka 1938 alimwoa Patricia Guinness, binti wa ukoo wenye kampuni ya bia ya jina hilo, mmoja wa koo tajiri kabisa za Uingereza na Ireland. Tangu hapo hapakuwa na siku ambayo angehitaji mshahara wa serikali ili ale. Tunamwomba msomaji alishike jambo hilo, tutalirudia.

Vita Vikuu vya Pili vilipokuja alikuwa na kila njia ya kubaki ofisini. Alikuwa mbunge, na alikwisha kushika unaibu waziri. Mwaka 1940 akajiunga na jeshi la akiba la wanamaji, akatumika miaka mitatu hivi katika vyombo vidogo vya doria vya pwani. Hivyo vilikuwa vyombo vya mbao, vyepesi, vyenye mashine za nguvu na mafuta ya petroli tumboni, ambavyo risasi moja mahali pabaya ilitosha kuviteketeza. Nyumbani kwao vita havikuwa habari ya gazetini. Mdogo wake mmoja, Donald, alifia kizuizini Ujerumani mwaka 1939, miezi michache kabla ya vita kutangazwa, na ndugu zake wawili wengine walifariki katika miaka ya vita yenyewe. Mwaka 1943 aliitwa kurudi serikalini, katika wizara ya utengenezaji wa ndege.

Hatumnyimi heshima hiyo. Mtu aliyekuwa na mali ya kutosha kukaa kitako, na akachagua kulala juu ya maji baridi pamoja na mabaharia, alitimiza wajibu. Tena alijifunza kitu ambacho kila mtoto wa Pemba aliyekulia ufukweni anakijua: chombo kina mtu mmoja anayekijibia. Katika jeshi la wanamaji la Uingereza ilikuwa desturi ya karne nyingi kwamba nahodha aliyepoteza meli husimamishwa mbele ya mahkama ya kijeshi aeleze, hata kama dhoruba ndiyo iliyoizamisha. Huenda akaachiwa kwa heshima zote, lakini kusimama atasimama. Lennox-Boyd aliijua sheria hiyo kwa kuiishi.

Na hapa petu, chini ya uwaziri wake, mali ilifanywa kuwa kipimo cha utu uzima wa kisiasa. Julai 1957 Zanzibar ilipiga kura kwa mara ya kwanza. Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na wajumbe 12 wasio wa serikali, nao 6 tu ndio waliochaguliwa, 6 waliteuliwa. Unguja ilipewa viti 4, Pemba 2. Waliochaguliwa huku walikuwa Ali Sharif Musa na Mohammed Shamte Hamadi, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1963. Mpiga kura alitakiwa awe mwanamume, awe na umri uliowekwa, ajue kusoma na kuandika isipokuwa awe mtu mzima sana, na awe na mali au kipato cha kiasi kilichotajwa. Wanawake hawakupiga kura kabisa. Mama aliyeamka alfajiri msimu mzima kuchambua karafuu, vidole vikigeuka rangi, akazianika jamvini na kukimbia kuzikusanya kila wingu lilipojikusanya, aliambiwa kwamba hana dhamana ya kutosha kuchagua mjumbe mmoja kati ya wawili wa kisiwa chake. Sababu ya sharti la mali ni kwamba mwenye kitu cha kupoteza ndiye mwenye kuwajibika. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja. Basi na tuipime hoja hiyo kwa mwenye mali mkubwa kuliko wote, aliyekuwa juu ya ngazi.

Machi 3, 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa 85 wa Mau Mau walitolewa nje kwenda kuchimba mfereji wa maji ya kilimo. Ulikuwapo mpango ulioandikwa na maofisa wa magereza na kupitishwa na wakubwa wao Nairobi: wasiotaka kufanya kazi walazimishwe. Askari walikuwa na virungu. Waliokataa, na hata waliokwisha kushika majembe, walipigwa kwa saa kadhaa. Watu 11 walikufa na wengine wengi wakaumizwa vibaya. Tangazo la kwanza la serikali ya Kenya lilisema kwamba watu 10 wamefariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji, na tangazo lenyewe likaongeza kwamba maji hayo yalinywewa na kikundi kizima na walinzi wao pia. Soma tena. Maji yale yale, pipa lile lile, na walinzi wote wazima. Kuna watu waliokaa mezani wakaliandika hilo, wakalipitisha, na likatolewa kwa jina la serikali. Uchunguzi wa vifo ulipofanyika miili ilisema yenyewe: michubuko, mifupa iliyovunjika, damu iliyovuja ndani.

Msomaji asione Hola ni mbali. Ni mwambao wetu huu huu. Wavuvi wa Pemba wameishi Kilifi na Kwale kwa vizazi, hata mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua rasmi Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za nchi ile. Mwaka ule wa 1959 mtu wa Hola na mtu wa Wete walikuwa chini ya wizara moja na waziri mmoja.

Siku hiyo hiyo ya Machi 3 hali ya hatari ilitangazwa Nyasaland, Malawi ya leo, na zaidi ya watu 50 wakauawa katika siku zilizofuata. Tume iliyoongozwa na Jaji Devlin ilikuja kuandika kwamba nchi ile imekuwa dola ya kipolisi. Makoloni mawili, maiti wa pande mbili, waziri mmoja.

Lennox-Boyd alifanya nini? Alitaka kujiuzulu. Tunalisema kwa uwazi kwa kuwa ni kweli na kwa kuwa ndiyo kiini cha tahariri hii. Alimwendea Waziri Mkuu Harold Macmillan akatoa uwaziri wake. Macmillan akamkatalia: mwaka ulikuwa wa uchaguzi, serikali ingetikisika, na Gavana wa Kenya, Evelyn Baring, angeachwa peke yake. Lennox-Boyd akarudi ofisini. Akasimama Bungeni kuitetea serikali. Usiku wa Julai 27, 1959, mjadala wa Hola ulipofika saa za usiku mkubwa, aliyesimama kusema neno zito kuliko yote alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama chake mwenyewe. Powell alikataa kwamba kuwe na kipimo kimoja cha wajibu kwa Mwingereza akiwa kwao na kingine akiwa Afrika. Huyu ndiye Powell ambaye miaka tisa baadaye alitia chuki dhidi ya wahamiaji weusi, na hatumsifu kwa hilo hata kidogo. Lakini usiku ule alisema haki. Oktoba uchaguzi ukafanyika, chama kikashinda, Lennox-Boyd akaondoka kwa utaratibu wake kwenda kuiendesha kampuni ya Guinness, na mwaka 1960 akapewa ubwana wa cheo cha juu. Hakuna aliyefikishwa mahkamani kwa vifo vya Hola.

Sasa turudi kwenye mali. Kuna waziri ambaye akiacha kiti leo, kesho watoto wake wanarudishwa kutoka skuli kwa ada. Hatumsamehe akikaa, lakini tunaielewa hofu yake. Lennox-Boyd hakuwa na hofu hiyo. Nyumba ilikuwapo, kampuni ilikuwapo, kazi kubwa kuliko uwaziri kwa kipato ilikuwa ikimsubiri, na aliiendea miezi michache tu baadaye. Barua yake ya kujiuzulu ilikuwa barua nyepesi kuliko zote kuandikwa, na kuondoka lilikuwa jambo jepesi kuliko yote kutendeka. Tena yeye, wa kwao alifia mikononi mwa wenye funguo za gereza katika nchi ya watu. Kama kuna mtu aliyepaswa kujua kwamba maiti inayotoka kizuizini inamdai mwenye kizuizi, ni yeye.

Kutoa barua ikarudishwa, kisha ukakaa, si kujiuzulu. Anayemdhamini mtu mahkamani hawezi kumwendea hakimu akasema, "Nilitaka kulipa, lakini rafiki zangu wamenisihi nisilipe." Dhamana hailipwi kwa kutaka. Waziri mkuu hana uwezo wa kumfunga waziri kitini. Macmillan angeweza kusema hapana mara saba, na Lennox-Boyd angeweza kuchukua kofia yake mara ya kwanza.

Wapo watakaosema tunamhukumu marehemu kwa sheria ya leo. Sheria ni ya kwao na ya wakati wao. Uwajibikaji wa waziri kwa wizara yake ndio walioufundisha duniani kama fahari ya Bunge lao. Januari mwaka ule wa 1959 Lennox-Boyd aliwakusanya magavana wa Afrika Mashariki huko Chequers, Uingereza, wakakadiria kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala kama mwaka 1970, Kenya na Uganda kama 1975, kwa kuwa hatujakomaa. Walikuwa wakiupima ukomavu wetu huku wakiushindwa mtihani wao.

Mtihani ule ule ulikuja kwetu. Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa katika msako wa waliotuhumiwa mauaji. Waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuwa Shinyanga. Hakutoa amri. Hakuna aliyedai kwamba alijua. Januari 1977 alimwandikia Mwalimu Nyerere akaacha uwaziri, na Mwalimu akakubali. Wengine waliwajibika pamoja naye. Mwinyi hakuwa na kampuni ya kwendea. Alikuwa mwalimu aliyepanda ngazi za serikali, na alikuwa akiacha kazi.

Tuitazame vizuri hiyo tofauti, kwa kuwa ndani yake mna jibu la wale wanaodai kwamba kuwajibika ni desturi ya Wazungu tunayolazimishwa. Hola, London: watu wamekufa mikononi mwa serikali, waziri tajiri, mpiganaji wa vita, barua inarudishwa, waziri anabaki. Shinyanga, Dar es Salaam: watu wamekufa mikononi mwa serikali, waziri asiye na utajiri, barua inapokewa, waziri anaondoka. Aliyeijua dhamana ni wa kwetu. Na kuacha kiti hakukumpotezea nchi. Alipelekwa ubalozini Misri, akarudi uwazirini mwaka 1982, Januari 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na Novemba 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Tunaamini waliomchagua walikumbuka kwamba huyu alikwisha kulipa mara moja.

Basi tuje baharini, ambako kisiwa hiki kimelipa zaidi.

Simama kwenye gati ya Mkoani meli inapofunga, tazama ubavu wake karibu na maji. Utaona duara lenye mstari uliolikata katikati. Mstari huo ukizama, meli imejazwa kupita kiasi. Wachukuzi wanaujua, mabaharia wanaujua, hata watoto wanaouza maji wanaujua. Chanzo chake ni mwanasiasa: Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby na mfanyabiashara wa makaa ya mawe, aliyepiga kelele Bungeni mwaka 1875 mpaka akatolewa, kwa sababu serikali ilikuwa ikiuahirisha muswada wa kuwalinda mabaharia dhidi ya wenye meli waliopakia kupita kiasi. Mwaka uliofuata sheria ikapita. Mtu mmoja alikubali kuaibika kwa ajili ya mstari wa rangi, na mstari ule umeokoa watu ambao hata hawakuzaliwa bado.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, siku kumi tu baada ya Idi el Fitri, meli ya MV Spice Islander I iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, ikija Pemba. Idadi ya waliopakiwa ilizidi mno uwezo wake, na juu ya watu kulikuwa na shehena. Ilipindukia katika mkondo wa Nungwi, kiasi cha saa 7 usiku. Waliookoka walisimulia walivyong'ang'ania magodoro yaliyokuwa sehemu ya mizigo, mtu na mwanawe juu ya godoro moja linalolowa na kuwa zito, mpaka mashua za wavuvi zilipowafikia asubuhi. Maiti 203 zilipatikana. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikuja kutaja waliokufa na wasioonekana tena kuwa zaidi ya 1,500. Pemba hakuna shehia ambayo haikumjua mmoja wao. Zipo nyumba ambazo mpaka leo hazijapata kaburi la kulisomea.

Baada ya msiba ule tulisikia sana neno kudra. Sisi ni watu wa dini na hatubishani na kudra. Lakini mwalimu wa chuoni aliyetufundisha kudra ndiye huyo huyo aliyetufundisha kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokabidhiwa kuchunga. Aliyeuza tiketi zaidi ya viti ataulizwa, na aliyesimama gatini akauona mstari umezama akafumba macho. Ataulizwa pia aliyekuwa na wizara iliyowaajiri hao. Kuitaja kudra ili kuzuia swali ni kumsingizia Mungu.

Mwaka haukutimia. Julai 18, 2012, MV Skagit, boti iliyojengwa kwa ajili ya maji ya ndani ya jimbo la Washington huko Marekani, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam, siku ya upepo mkali. Siku chache baadaye Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, mwakilishi wa jimbo la Ole hapa Pemba, alijiuzulu. Barua ikapokewa na mwingine akateuliwa.

Tutasema yote mawili. Alikuwa waziri pia Septemba 2011, na wakati ule alibaki. Wapo waliofiwa ambao hawajalisahau hilo, na wana haki. Lakini mara ya pili aliondoka. Hakuwa nahodha wa Skagit, wala hakuufanya upepo. Wengi walisema aliwajibika kwa makosa ya wengine, nasi tunajibu kwamba kuwajibika kwa makosa ya wengine ndiyo maana nzima ya dhamana. Kwa kosa lako mwenyewe unashitakiwa tu. Katika historia ya serikali zetu kitendo chake kinapaswa kufundishwa skuli, na hatujasikia skuli inayokifundisha.

Kuna deni jingine, nalo ni zito kwetu kuliko yote kulitaja. Januari 27, 2001, polisi walifyatua risasi dhidi ya waandamanaji Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, iliyotokana na mapatano ya kisiasa, Muafaka wa Oktoba mwaka ule, ilitaja waliouawa kuwa 31. Watu kiasi cha 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, wakawa wakimbizi, wakati Tanzania ilikuwa imezoea kupokea wakimbizi wa wenzake. Hakuna waziri aliyeacha kiti kwa sababu ya siku ile. Mwaka 2019, katika kitabu cha maisha yake, Rais Mstaafu Benjamin Mkapa aliandika kwamba mauaji ya Pemba yalikuwa doa katika urithi wake wa uongozi. Tunaliheshimu neno hilo. Viongozi wachache hulisema wakiwa hai. Alifariki Julai mwaka uliofuata. Lakini miaka 18 ni mingi mno kwa mjane kusubiri neno, na neno hilo lilipokuja lilikuja kitabuni, si kwa mwenye wizara siku ya tatu ya msiba.

Waingereza nao walichelewa. Juni 2013, miaka 54 baada ya Hola, serikali yao ilisimama Bungeni ikaeleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Hayo hayakuja kwa hiari. Wazee walikwenda mahkamani London, na mafaili yaliyofichwa kwa nusu karne yakalazimika kutolewa. Lennox-Boyd alikuwa amekwisha kufa tangu Machi 1983, kwa kugongwa na gari katika barabara ya London. Aliishi miaka 24 baada ya Hola akiwa na nafasi ya kuilipa dhamana ile, na deni likalipwa na watu waliokuwa hawajazaliwa alipotia saini.

Tunajua jibu linaloandaliwa: kila ajali ikitoa waziri, tutabaki na mawaziri gani? Hatudai kichwa kwa kila pancha ya barabarani. Tunazungumzia watu waliokufa mikononi mwa serikali, au katika chombo ambacho serikali ilikiruhusu kuondoka. Pahala hapo pana mstari kama ule wa ubavuni mwa meli, na kila waziri anauona. Hofu ya kwamba tutakosa watu haina msingi. Nchi hii ilimwachia Mwinyi aondoke na haikukosa waziri wa mambo ya ndani.

Kwa hiyo tunawaambia walioapa na watakaoapa, wa chama chochote, wa Unguja, wa Pemba na wa Bara. Siku watu watakapokufa chini ya wizara yako, usingoje tume, usiitishe mkutano wa waandishi kuwataja wadogo zako, na usitangulize kudra. Andika barua. Ikirudishwa, iandike tena, kisha toa funguo za gari, mkabidhi katibu mkuu ofisi, upande boti uje nyumbani. Wewe ulisema, "Nipo mimi."